Onyo Nililolitafsiri

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkalimani wa kanisa moja dogo kule Ilford, ughaibuni. Mchungaji alihubiri kwa Kiingereza, nami nikisimama kando yake nikigeuza kila sentensi kwa Kiswahili, kwa ajili ya akina mama wa Kongo waliofika kama wakimbizi. Kazi niliiweza. Akipaza sauti, napaza; akikunja ngumi, nakunja.

Mmoja wao, mama wa Bukavu aliyefanya usafi maofisini, alikuwa na presha ya macho. Hospitali ikamwandikia barua aende kupasuliwa, naye akaomba tumwombee kwanza. Mchungaji akamwombea, kisha akafungua Matendo ya Mitume, pale Paulo anapowaonya wenye dharau kwamba wataangamia kwa kutoiamini kazi ya Mungu. Akasema anayeombewa halafu akakimbilia kisu cha daktari ndiye huyo mwenye dharau. Nikatafsiri. Nikamkazia macho yule mama, nikatafsiri.

Hakwenda. Baada ya miaka miwili alikuwa haoni kabisa, kazi imekwisha, na mchungaji kahamia mji mwingine.

Nikaanza kwenda kwake kila Jumamosi kumpikia na kumsomea. Siku moja akasema, "Dada, unisomee lile onyo. Yote, tangu mwanzo."

Nikasoma sura nzima, kwa mara ya kwanza maishani. Paulo yuko ndani ya sinagogi, anazungumza na watu wa dini. Anawatangazia msamaha wa dhambi kwa Yesu, ndipo anawaonya wasiidharau habari hiyo. Hakuna mgonjwa pale, wala daktari. Na wakati wa kutoka, watu wanamsihi awaambie tena Sabato ijayo.

"Walitaka kusikia tena?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilitoka natetemeka." Akanyoosha mkono, akaigusa Biblia. "Hiyo kitabu ulikuwa nayo nyumbani, wakati ule?"

"Nilikuwa nayo."

"Mchungaji sikumwelewa hata neno moja. Sauti niliyosikia ni yako."

Nilitaka kumwambia kwamba mkalimani hachagui maneno. Badala yake nikaifunga Biblia, nikaenda kumpikia.

Kanisani niliacha kutafsiri. Wakasema nimepoa kiroho, nami sikujitetea. Kwake niliendelea kwenda, na kila mara alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto. Ila hakuniomba tena nimsomee kitu chochote.