Kitambaa cha Chumba Namba Nane

Siku ya kwanza ya kazi niliingia hotelini, pale Mlabani, Ifakara, nimeshika viatu mkononi, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Msimamizi wa vyumba, Mama Veronika, alikuwa anahesabu taulo.

"Shikamoo," nikasema. Hakusikia. Nikarudia, bado.

"Marahaba," akajibu mara ya tatu. "Lakini humu, mwanangu, mgeni akiita lazima akusikie, ajue kuna mtu."

Nilikuwa na miaka kumi na minane na elimu ya darasa la saba. Sasa nina ishirini na sita, nimerudi kijijini kwetu Namawala kumsaidia mama shamba la mpunga kwa sababu miguu yake inamsumbua. Wadogo zangu wananiita mstaafu. Basi mstaafu anaandika, polepole, kwa ajili ya wasichana wanaoshika fagio nililoliacha.

Miaka miwili ya mwanzo nilikaa kwa dobi, kisha nikapandishwa vyumbani. Mama Veronika alinifundisha kubisha mara tatu na kusubiri, kukunja pembe za shuka kama bahasha, na kunusa kila foronya kabla ya kuivalisha mto, kwa sababu masika nguo hukauka na harufu. Hadi leo nikishika nguo iliyoanuliwa, nainusa kwanza.

Wageni walikuwa na tabia ya kwenda matembezini na kuacha viyoyozi vikinguruma. Meneja akamleta fundi, akafunga kidude cheupe ukutani katika kila chumba, kidogo kama kifuniko cha chupa.

"Hili ni jicho," fundi akatueleza. "Likiona mtu anatikisika, kiyoyozi kinafanya kazi. Nusu saa ikipita halijaona kitu, linakizima."

"Na aliyelala?" Mama Veronika akauliza.

"Aliyelala anageuka, mama."

Mgeni wa chumba namba nane hakuwa anageuka. Alikuwa mtafiti wa mbu. Usiku kucha alikuwa vijijini akiwakamata, na saa mbili asubuhi alirudi kulala, chali, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kuzikwa. Jicho likadhani chumba ni kitupu. Ilikuwa mwezi wa pili, na joto la Ifakara mwezi wa pili mnalijua. Saa tano alikuwa anaamka shuka limelowa chapachapa.

Siku ya tatu akashuka mapokezi. "Kesho nikiamka na jasho tena, nahama. Na wenzangu wanne nahama nao."

Aliomba jicho ling'olewe. Meneja akakataa. Mgeni alipoondoka, meneja akamgeukia Mama Veronika mbele yetu sote. "Vyumba ni vyako. Huyu akihama, na wewe unahama."

Mama Veronika alichukua taulo zake akaanza kuzihesabu upya, na nikaona anarudiarudia ileile ya kwanza.

Kesho yake niliwahi kabla mgeni hajarudi. Nikapanda kiti, nikalibandika jicho plasta ya kidonda. Niliwaza kwamba lisipoona kabisa, halitajua kama mgeni hatikisiki. Nusu saa baadaye kiyoyozi kikazima. Mama Veronika akaja, akaiona plasta, akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Umelifumba, binti! Sasa linadhani hoteli nzima imehama!" Kisha akafuta macho. "Na kweli, mmoja anahama leo."

Maneno hayo yaliniuma. Nikabandua plasta, kiyoyozi kikawaka tena, na upepo wake ukanigusa shingoni. Hapo nikakumbuka shamba. Kwetu mpunga ukianza kukomaa tunaamia ndege, tunawafukuza wasiule. Ukichoka kupiga kelele unafunga vipande vya nguo kwenye kamba, upepo unavitikisa, na ndege wanadhani mtu yupo.

Nikachana upindo wa kitenge changu, nikaufunga kwenye mdomo wa kiyoyozi, ukaning'inia mbele ya jicho ukicheza. Fundi alinieleza baadaye kwamba jicho huona joto na baridi vikipishana mbele yake, na kitambaa kile kilichopoa kililichanganya. Mimi nilijua tu kwamba ndege wamedanganyika.

Mgeni alilala mpaka saa nane mchana. Alishuka na shati kavu, akaomba chai, na habari ya kuhama hakuigusa.

Meneja alipanda kukagua. "Nani kafunga tambara hili?"

Mama Veronika alifungua mdomo ajitwike lawama. Nikamwahi. "Mimi."

"Nani?"

"Mimi, meneja!" Wa mapokezi chini walisikia.

"Kumbe una sauti," akasema. Akalitazama tambara. "Mgeni akitoka chumbani, na lenyewe litoke, kiyoyozi kizime. Hiyo ni kazi yako."

Ikawa kazi yangu. Kila mgeni wa mbu alipokuja, nilifunga na kufungua. Mama Veronika bado yupo pale, anahesabu taulo. Siku niliyoaga alinikabidhi kile kitambaa kimefuliwa na kunyooshwa pasi.

Nimekifunga kwenye kamba ya shamba. Asubuhi kinacheza vizuri. Mchana upepo unakufa, kinaning'inia kimya, na ndege wanaanza kushuka mmoja mmoja. Hapo nasimama mwenyewe na kupiga kelele, na wote wanaruka.