Bunduki Nyuma ya Kiti

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuuona uzee na marafiki wa kuzeeka nao. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nikiisha kumshukuru Mola wangu, nitasimulia habari ya rafiki yangu mmoja na bunduki yake, kama nilivyoiona mwenyewe tulipokuwa tukiishi Lizaboni, hapa Songea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea rafu tupu yalijaa sabuni na vitenge, na watu waliojibana kwa muda mrefu wakaanza kununua magari yaliyokwisha kutumika Japani. Rafiki yangu, aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka mtaa wa pili kutoka kwangu, alinunua pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu. Yeye alikuwa Mngoni, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza. Mimi ni Myao wa Tunduru, niliyekuja Songea kufundisha watoto Kurani. Aliniita Shehe, nami nilimwita Baba Paroko, jina ambalo mkewe hakulipenda kabisa.

Alikuwa na bunduki ya kuwindia aliyoimiliki kwa kibali. Kila kiangazi alikata leseni ya maliasili, nasi tukaenda porini upande wa Tunduru. Mimi sikuwahi kufyatua risasi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kisu. Mnyama akianguka nilikimbia kumwahi angali na uhai, nikamchinja kwa jina la Mungu, ili nyama ikifika mtaani iliwe na kila nyumba. Wawindaji wengi Wakristo wa kwetu walifanya hivyo. Aliyekwenda bila mchinjaji Muislamu alirudi na nyama ya kuliwa na nusu ya majirani tu.

"Leo nikikutana na nguruwe je?" alinichokoza kila safari.

"Utamchinja mwenyewe, utamla mwenyewe, na mimi nitarudi kwa miguu."

"Kwa miguu? Na tumbo hilo, Shehe?"

Barabara ya Tunduru siku zile ilikuwa ya vumbi na mabasi yalikuwa ya kubahatisha. Pikapu yenye nafasi ilisimamishwa na kila mtu, na kumpita mama mwenye mtoto amesimama juani lilikuwa jambo la aibu. Kwa hiyo nyuma ya gari letu hapakukosa watu, na ni kwa ajili yao rafiki yangu aliiogopa bunduki yake mwenyewe. Alikuwa amesikia habari ya mwindaji aliyeficha yake chini ya magunia, abiria wakakaa juu ya magunia, gari likaruka shimo. Hakupenda kuimalizia habari hiyo.

Yake haikupanda nyuma kamwe. Kabla ya kuondoka alisimama kando ya gari, mtutu ukielekea juu, watu wote wakiwa upande wa pili. Alitoa risasi, akazitia katika kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, na kopo likaingia chini ya kiti chake. Kisha alichomoa bolti, kile chuma kinachoifunga risasi ndani na kuipiga, akakitoa chote. Hapo alitazama ndani ya mtutu kwa upande wa nyuma, akiuelekeza mbinguni.

"Naona mwanga," alisema.

Kisha alinipa mimi. Nami nikikiona kile kiduara cheupe, mfano wa jua linalopenya kwenye tundu la bati, nilijibu, "Naona mwanga." Ndipo bunduki ilipoviringishwa blanketi, ikaingia kwenye mfuko wake wa turubai, ikalazwa nyuma ya kiti chetu na kufungwa kwa mpira wa tairi isicheze. Bolti niliitia katika mfuko wa koti langu.

"Risasi kwangu, chuma kwako," alisema. "Tukigombana njiani, hakuna wa kumpiga mwenzake."

Tukisimama kunywa chai au mimi kuswali, mmoja wetu alibaki mlangoni pa gari. Nyumbani bunduki ililala katika sanduku la chuma alilolikaza sakafuni kwa zege. Niliona yote hayo kama ibada yake ya pili, na niliyapenda.

Kiangazi kimoja alianza kukosa. Kongoni aliyesimama karibu alimkosa, akalaumu upepo. Palahala alimkosa, akalaumu jua. Siku moja alasiri alimwona kongoni mwingine, akasukuma risasi ndani kwa haraka, lakini mnyama akatimka kabla hajafyatua. Tukarudi mikono mitupu hadi barabarani tulipoliacha gari chini ya ulinzi wa mwenye kibanda cha chai. Hapo tulimkuta mama kijana akitungoja, amembeba mtoto mchanga mgongoni. Alitoka hospitalini Mbesa na alikuwa anakwenda kwao Songea.

"Shikamooni, babu zangu. Nafasi ipo?"

"Marahaba, mwanangu. Ipo," alisema rafiki yangu. "Kaa huko kivulini kwanza, tufunge mzigo."

Alifanya yote kama kawaida, ila kwa haraka, maana mtoto alikuwa analia. Risasi kwenye kopo. Bolti nje. Akauinua mtutu, akatazama.

"Naona mwanga."

Nikapokea, nikaweka jicho. Giza. Nilidhani nimekosea, nikageukia upande wenye mbingu nyeupe zaidi. Giza tupu. Nikaingiza kidole kidogo kwa nyuma, kikagusa shaba. Risasi ya yule kongoni ilikuwa imenasa ndani, na bolti ilikuwa imetoka bila kuivuta.

"Baba Paroko," nilisema polepole, "hebu tazama tena."

Alitazama tena, kwa jicho la kulia kama siku zote.

"Naona mwanga, Shehe. Twende, mtoto wa watu analia."

Hapo nikaelewa. Niliushika mkono wake, nikakiongoza kidole chake pale kilipokuwa changu. Nilimwona akiigusa ile shaba, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Aliusimamisha mtutu juu, akakipiga kitako kwa kiganja, nami nikakinga mkono wangu chini ya tundu la nyuma. Risasi ikaniangukia mkononi ikiwa na joto la jua.

"Kuna nini, babu?" aliuliza yule mama.

"Hakuna neno, mwanangu. Tunafunga mzigo."

Dini yangu inanifundisha kumsitiri mwenzangu, na pale nilimsitiri. Lakini nilijua sitara ile haiwezi kukaa muda mrefu, maana chini yake alikuwa amelala mtoto wa mtu.

Jicho la kushoto lilikuwa zima, kwa hiyo aliendesha, taratibu sana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu masika. Ukungu tu. Asubuhi afadhali."

"Na kwenye mtutu ulikuwa unaona nini?"

Akabadili gia, akakwepa shimo.

"Nilikuwa naona kwamba wewe utaona."

Mpaka leo sijapata kuaminiwa na mtu kwa namna ile, na sijapata kuogopa kwa namna ile.

"Na siku nisipokuwepo?"

Nyuma yetu mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

Tulipomshusha yule mama na kufika mbele ya nyumba yangu, rafiki yangu alininyooshea kiganja.

"Nipe chuma changu."

"Sikupi."

"Umekuwa polisi, Shehe?"

"Polisi angekuwa na haraka. Mimi nitasubiri. Siku utakayokuwa tayari, tutaipeleka kituoni pamoja, nitakupa pale mlangoni."

"Bunduki ile ina jina langu kwenye kibali!"

"Na yule mtoto naye ana jina."

Aliondoka bila kuaga.

Sikumlaumu. Bunduki ile ndiyo iliyomfanya aitwe kusaidia pale nguruwe walipovamia mahindi ya watu, na ndiyo iliyoleta nyama Pasaka kwake na Idi kwangu. Akiitoa, alijiona atabaki mzee mwenye mashine ya kusaga tu, kama wazee wengine. Unga wetu uliendelea kuletwa, umesagwa vizuri, ila bila salamu.

"Mrudishie mwenzako kitu chake," mke wangu aliniambia. "Mtaa mzima unajua mmenuniana."

"Nitamrudishia."

"Lini?"

"Akija."

Chuma kile kilinikosesha raha. Nilikifungia sandukuni, na kila baada ya swala nilimwomba Mungu amlainishe rafiki yangu, na mimi anikinge na kiburi cha mtu anayejua kwamba yuko sawa.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, nilisikia honi. Pikapu ilikuwa imesimama mlangoni, naye amevaa shati lake la kanisani. Hakushuka.

"Chukua mzigo wako, panda," alisema.

Nilikitoa chuma sandukuni, nikapanda. Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wake, imefungwa kwa mpira wa tairi. Kopo la risasi lilikuwa chini ya kiti chake. Tukaenda hadi uwanja wa kituo cha polisi. Pale aliitoa bunduki, akausimamisha mtutu juu kama desturi. Lakini hakuuweka jichoni. Alinikabidhi.

"Tazama wewe."

Nikatazama. Kiduara kilikuwa cheupe kabisa.

"Naona mwanga, Baba Paroko."

"Haya."

Nikamtolea bolti mfukoni, nikaiweka mkononi mwake, kisha tukaingia ndani pamoja, naye akaikabidhi bunduki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Idi iliyofuata alininunulia mbuzi, akamleta kwa kamba hadi uani kwangu.

"Chinja, Shehe. Huyu hakimbii, hata mimi nimempata."

Jicho lake lilitibiwa baadaye, likarudi kiasi cha kusoma kitabu cha misa. Hakuidai tena bunduki. Pikapu iliendelea kubeba watu wa barabara ile miaka mingi, na pale nyuma ya kiti, mahali pa bunduki, aliweka mwavuli wake na msala wangu wa kuswalia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akulinde uendapo na urudipo, wewe na wote unaowabeba. Akuhifadhie nuru ya macho yako, na ikipungua, akujaalie mtu wa kutazama kwa niaba yako, na moyo wa kumsikiliza. Amina.