Saa Iliyofutika Kiganjani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo laiti ningeisahau ningekuwa nalala vizuri mpaka leo. Wewe umevaa nguo nyeupe za uuguzi juzi tu, umezipiga pasi mpaka zinakata, nami nimefurahi. Lakini keti kidogo. Mimi pia niliwahi kuwa muuguzi kijana, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kujibu.

Ilikuwa wakati wa vita, hapa hapa Bunia. Mama Dorika, mkulima wa Gety, aliletwa kwenye machela ya miti, risasi imemvunja goti. Damu ya kumwongezea haikuwepo: friji ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, na ndugu zake hawakuweza kuvuka mji kuja kutoa. Kabla ya kulazwa usingizi alinishika mkono.

«Munilindie muguu, mwanangu. Vita ikirudi, nitakimbia na nini?»

Nikamwambia asiogope.

Muzee Faustin, muuguzi mkubwa aliyenifundisha, alikuwa na desturi asiyoiacha. Kwanza mguu unainuliwa ili damu irudi mwilini. Kisha paja linafungwa garo, ule mpira unaozuia damu isimwagike goti linapopasuliwa. Halafu saa ya kufunga inaandikwa kwenye kipande cha plasta na kubandikwa kwenye paji la uso la mgonjwa, kila mtu aione. Garo ikikaa zaidi ya muda wa saa mbili, mguu wenyewe huanza kufa. Sisi vijana tuliicheka plasta ile. Siku hiyo Muzee hakuwa zamuni, nami nikaona plasta ni chache, nikaandika saa kwa kalamu kiganjani mwangu. Kisha nikaenda kunawa kwa brashi na sabuni, nikavaa glavu nimsaidie daktari. Umeuona ujinga huo?

Katikati ya kazi mabomu yakaanza. Tukalala sakafuni mimi na daktari, mama yule juu yetu mezani, goti wazi. Muda wa vita hauhesabiki, mwanangu. Tulipoinuka, daktari akauliza:

«Garo iko na muda gani?»

Ndipo nilipokikumbuka kiganja: wino ulikuwa umekwenda na sabuni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane, lakini nane kutoa ngapi? Niliona haya, nikabahatisha.

«Lisaa moja na kidogo, docteur.»

Akaniamini. Akaendelea polepole, akifunga kila mshipa, maana tone lililopotea lisingerudishwa. Goti likashonwa vizuri sana. Tulipolegeza garo damu haikumwagika, lakini mguu haukupata joto tena. Siku ya tatu ulikuwa mweusi, ukakatwa juu ya goti.

Muzee Faustin alinikuta nyuma ya jiko la hospitali nikilia. Hakufoka.

«Ulikuwa unajua saa, ao ulikuwa unaona haya?»

«Nilikuwa naona haya, muzee.»

«Ungesema “sijui”, mungelegeza garo. Damu kidogo ingetoka, lakini muguu ingebakia. Hakuna mutu anakufaka juu ya kusema “sijui”. Ni mwengine ndiye anakufaka ukinyamaza.»

Mama Dorika alinishukuru kila asubuhi, akidhani nimemwokoa. Sikumwambia ukweli. Mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu. Kisha vita ikarudi, mji mzima ukakimbia. Aliniita kwa jina kutoka kitandani. Nilimsikia, mwanangu. Nikakimbia kwa miguu yangu miwili. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, na niliowauliza wote hawakujua. Mpaka leo sijui.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi, na bado ananilalia kifuani. Sina dawa ya kukupa, nina neno tu. Saa ya mgonjwa iandike mwilini mwake, usiiandike kwako. Desturi ya mkubwa usiicheke kabla hujajua ni nani amezikwa ndani yake. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, hata kama chumba kizima kitakucheka. Haya ya siku moja inapita. Hii yangu haikupita.

Nenda kazini sasa. Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usioona haya, na kila utakayemhudumia atoke kwako kwa miguu yake mwenyewe.