Maji ya Udhu wa Issa

Walisema sitaweza. Siku nilipofunga mzigo kwenda kusomea uuguzi wa akili, jirani yetu wa pale Magomeni alicheka mbele ya mama yangu: "Huyu atarudi, lakini atarudi mgonjwa." Nilirudi na stashahada, mwanangu, wakati mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Najisifu, ndiyo. Sikurithi kitu, basi acha nijisifu. Lakini leo nina hasira, na hasira hii ninayo tangu miaka ya tisini, maana hadi sasa nasikia vijana wenye vyeti vikubwa kuliko changu wakiwaambia wagonjwa, "Mambo ya Mungu hapa hatuyazungumzi."

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile mwanamke mmoja, Somoe, alipomleta mumewe Issa kliniki kwetu huku kusini, kutoka mashambani huko kupita Mtawanya. Issa alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa msikitini. Ngozi ya mikono na miguu yake ilikuwa imepasuka kwa kuoshwa. Akitawadha, anaona udhu haukutimia, anaanza upya, na tena upya, mpaka swala inampita na pipa limekauka.

"Maji nayafuata bondeni, nayabeba kichwani," Somoe akasema. "Watoto wanalala hawajaoga, yeye anamwaga tu. Nimechoka, daktari."

Sikuwa daktari, lakini siku hiyo sikukanusha.

Issa akanong'ona, "Mungu haipokei swala yangu. Bora nisiwepo."

Nikamuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwagiza Somoe asimwache peke yake, na dawa za kupulizia mikorosho azitoe nyumbani siku ileile.

Kisha nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi, nikamwambia mtu huyu lazima tuzungumze naye habari za swala. Hakuinua hata macho. "Mpe vidonge. Mungu si idara yetu."

Mwanangu, nusura niipindue ile meza! Vidonge nilimpa, vina kazi yake na vilimsaidia. Lakini mtu anataka kufa kwa ajili ya Mungu wake, nawe unamwambia huyo Mungu asubiri nje?

Kesho yake, kwa ruhusa ya Issa mwenyewe, nilimfuata sheikh wa kijiji chao, mzee mkali asiyependa maneno mengi, nikamweleza yote. Tulipofika nyumbani kwa Issa tukamkuta Bakari, kaka yake Issa, ameshika kamba. Alikuwa anataka kumfunga ampeleke kwa mganga ng'ambo ya Ruvuma akatolewe jini.

"Imani yake ndogo," Bakari akasema. "Angekuwa na imani asingeugua. Na wewe Mkristo, udhu unaujulia wapi?"

"Siujui," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja na anayeujua. Wewe unayeujua umekuja na kamba."

Imani ndogo! Mwenye imani ndogo angejichuna ngozi hivyo kwa ajili ya swala?

Sheikh akamgeukia Bakari kwanza. "Kaa chini. Ndugu yako ana maradhi, wewe unamwongezea." Kisha akamwambia Issa, "Ukishaosha mara tatu, umemaliza. Shaka ikija, iache ije. Nenda kasali nayo."

"Na kama haukutimia, sheikh?"

"Kosa ni huko kurudia. Nikikuona unarudia, maji yote nitayamwaga mimi."

"Usimwage, sheikh!" Somoe akadakia. "Mbebaji ni mimi!"

Hata Issa alicheka kidogo. Akatawadha kwa kopo moja. Alipomaliza akaligeukia pipa. Chuoni nilifundishwa kwamba hofu ya namna ile ukiiacha bila kuitii hushuka yenyewe, basi nikasimama karibu naye. "Itapanda, halafu itashuka," nikamwambia. "Nipo hapa." Somoe akalifunika pipa, akakaa juu ya kifuniko. Issa alisimama pale jasho likimtoka, hata nikadhani ameshindwa. Mwishowe akatupa macho chini, akaingia ndani akasali.

Hakupona siku ile. Alikuja kliniki miezi mingi, wiki nyingine akirudi nyuma kabisa, sheikh akimgombeza na mimi nikimtia moyo. Lakini hakufa.

Basi wewe unayeanza kazi hii ya kushauri watu, nisikilize. Muulize mgonjwa anaamini nini, na Mungu anamwambia nini siku hizi katika mateso yake. Usimhubirie dini yako, wala usiicheke yake. Usilolijua, mtafute mwenye kulijua, mgonjwa akikubali. Dawa zake asiziache. Na atakayemwambia kwamba anaugua kwa kukosa imani, mkatize hapohapo, hata akiwa amevaa kanzu au ameshika Biblia, hata akiwa mkuu wako wa kazi.

Mungu akupe afya, mwanangu, akubarikie mikono yako. Na siku akili yako wewe itakapochoka, akuletee mtu wa kukaa nawe mpaka hofu ishuke.