Mpira wa Mzee Chini ya Kichaka

Mimi ni kedi, mbeba mifuko ya wacheza gofu hapa Kisumu, tangu mama alipofariki miezi michache baada ya baba, nami, kifungua mimba, nikaacha shule darasa la saba. Wadogo zangu watatu wamelelewa na kazi hiyo. Kwa hiyo msimamizi wetu aliposema kwamba kedi atakayemsababishia mchezaji pigo la adhabu, yaani pigo la ziada kwenye hesabu yake, kwenye mashindano atavua kizibao chake cha kazi na asirudi, nilimsikia vizuri.

Siku ya mashindano nikapewa mzee mmoja mstaafu, mtu wa kujua kila kitu. Kwenye shimo la saba akaupeleka mpira kwenye nyasi ndefu za upande wa ziwa, ambako viboko huja kula. Katika kuutafuta, mguu wangu ukagonga kitu. Mpira ukachomoka chini ya kichaka, ukabingirika hadi kwenye nyasi zilizokatwa, ukatulia hapo vizuri kabisa.

"Umenimaliza," mzee akasema. "Hilo ni pigo la adhabu, na msimamizi wako atajua limetoka kwa nani."

"Hapana, mzee. Ukiugusa kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, hakuna adhabu. Sheria ilibadilishwa."

"Nilianza kucheza kabla hujazaliwa. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza kigumu. Mdogo wangu wa kike alinifafanulia mstari kwa mstari, tukiwa mlangoni kwetu Migosi tunachambua samaki wadogo wa omena, huku akicheka kwamba watu wazima wametungiwa sheria ya kukanyaga mpira.

"Kijana anasema kweli, Mzee," akasema mama mmoja aliyekuwa akicheza naye. "Hiyo haina adhabu."

Mzee akautazama mpira tena, akaona ulivyokaa. Hasira ikamtoka. "Basi sawa. Naupigia hapo hapo."

Hapo ndipo nilipochoka naye. "Lazima mpira urudi ulipokuwa, mzee. Chini ya kichaka."

"Wewe ni kedi wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana nakwambia. Ukiupigia hapo, utaongezewa mapigo mawili."

Nikapiga magoti, nikaurudisha kwa mkono wangu chini ya kile kichaka, mama yule akiangalia mpaka akakubali ni pale pale. Mzee akapiga. Mpira ukasogea hatua mbili. Akapiga tena, ukatoka, tukaendelea hadi shimo la mwisho.

Msimamizi alikuwa akitungoja. Akaisoma kadi ya alama, asione adhabu yoyote.

"Kesho nipe mwingine," mzee akamwambia. "Huyu ana sheria nyingi."

Yule mama akautua mfuko wake miguuni pangu. "Basi kesho atabeba wangu."

Nikaenda nyumbani na kizibao changu mwilini, kimechafuka matope kifuani, nikijua mdogo wangu wa kike atakifua huku akicheka.