Bega la Bwana wa Shangazi

Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu Nairobi kwa daktari wa macho. Tukabakiwa na saa nne kabla ya treni ya kurudi Mombasa, naye akasema twende makumbusho ya reli. Bwana wake, aliyebaki nyumbani Tiwi, ujanani alikuwa mchochea moto wa treni za mvuke. Tangu walipooana, kila jioni shangazi humkanda bega kwa mafuta ya nazi, kwa sababu ya beleshi la makaa. Kazi alistaafu zamani, bega halijastaafu.

"Nataka nilione hilo tanuri lililomla mume wangu," alisema.

Mimi, kwa kuwa nina shahada, njia nzima nilimweleza namna makaa ya mawe yanavyogeuza maji kuwa mvuke. Hakuwa ameniuliza.

Kichwa cha treni kilikuwa kirefu kuliko msikiti wa kwetu. Shangazi alivua viatu, akavipanga chini ya ngazi, akapiga hodi, akapanda, nami nikamfuata. Mtembeza wageni, binti wa bara, alikuwa tayari juu.

"Beleshi liko wapi, mwanangu?"

"Hii haikuwa na beleshi, shosho. Ilitumia mafuta mazito. Mchochea moto alikuwa anafungua tu hii koki."

"Na zile za njia ya Mombasa, enzi za bwana wangu?"

"Hizo pia. Mafuta."

Shangazi aliishika koki kwa mkono wa kulia, akaitazama.

"Bwana wangu linamuuma bega la kushoto," alisema.

Nikajitia kusoma kibao cha maelezo kilichobandikwa kando ya koki. "Pengine ni lile joto, shangazi."

"Nyamaza, wewe na makaa yako. Nipigie bwana wangu simu."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu hajui kuishika simu yangu.

"Bwana, nimo ndani ya treni yako. Nimeishika koki."

"Ipi?" akauliza bwana wake.

"Kwani zilikuwa ngapi?"

"Zamani zilikuwa ngumu, bibi."

"Wallahi?"

"Sasa ningefanyaje, nawe una mikono mizuri vile?"

Yule binti aligeuka kuangalia dirishani. Mimi nilikisoma kibao mara ya tatu.

"Kuanzia leo kukandwa ni Alhamisi peke yake," shangazi alimwambia.

Bwana wake akaomba na Jumatatu. Shangazi akasema atafikiria, akaniashiria nikate simu.