Mvinyo wa Kakiika

Mama alinituma Kakiika kuangalia shina moja la mgomba. Chini ya shina hilo, mwishoni mwa miaka ya tisini, baba alimzika mdogo wangu aliyeishi siku tisa. Hatukuwa na ardhi ya kusimamisha msalaba. Tulikuwa vibarua tu, wakimbizi tuliotoka kambini Juru kutafuta chakula karibu na Mbarara. Wazazi wangu waliona alama hiyo inatosha, maana huko Kivu tulikotoka mgomba ukiukata leo, mwingine unachipua pale pale.

Siku hizo Kakiika nzima ilikuwa mvinyo. Kilima chote kilikuwa ndizi za kukamua. Ziliivishwa shimoni chini ya majani makavu, mimi na mama tukazimenya, baba akazikanyaga pamoja na nyasi ndani ya kihori cha mti hadi maji yake yakatoka. Yakitiwa mtama wa kukaanga, kesho yake tonto, mvinyo huo wa ndizi, ilikuwa tayari kwenda mjini. Sisi watu wa kanisa tulikanyaga kwa miguu kile tulichokatazwa kutia mdomoni. Jumapili baba aliimba kwaya huku miguu yake ikinuka pombe.

Nilifika saa nne asubuhi. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Palikuwa na nyumba za kupangisha zenye mabati mekundu, na duka mahali nilipodhani kihori kilikuwa. Mwenye duka alikuwa mtoto wa mwenye shamba tuliyemfanyia kibarua zamani. Alinikumbuka.

"Ugonjwa ilikuja, dada, ikakausha yote," alisema. "Ile ya tonto ndiyo ilianza kufa. Tukang'oa na mizizi, tukachoma."

Hapo ndipo ningemuuliza kama walipochimba walikuta chochote. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikanunua soda, nikainywa yote, nikamuuliza habari za watoto wake. Sikusikia uchungu. Sikusikia kitu, na hilo lilinishangaza kidogo, halafu nalo likapita.

Nilirudi Juru siku iliyofuata, nikamkuta mama mlangoni akipeta maharage. Nikamwambia migomba imeisha, imeng'olewa yote. Hakuacha kupeta.

"Ulibauliza kama balikuta kitu?"

"Nilibauliza, mama. Habakukuta kitu."

Sijui uongo huo niliutoa wapi, ulitoka wenyewe, mwepesi kama salamu. Mama akaweka ungo chini.

"Basi eko pale pale, fasi yake," akasema. "Mungu asifiwe."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Kakiika, akamtaja mtoto kwa jina. Mimi jina hilo nilikuwa nimelisahau.